Taa ya kuotesha mboga kwa keja: Piga hesabu ya tokeni kwanza

Hizo video umeziona. Rafu ya chuma kwa kona ya sebule, taa ya zambarau inang'aa juu, letasi zimejipanga kama wanafunzi wa gredi ya kwanza, halafu jamaa anakuambia kwa sauti tulivu kwamba hajanunua mboga mwezi wa tatu sasa. Chini ya video kuna linki ya kununua taa. Wewe uko Nakuru, ghorofa ya tatu, dirisha lako linaangalia ukuta wa ploti ya jirani, na sukuma ya jana imenyauka kwa karatasi. Unaanza kuwaza: kwani ni ngumu?

Si ngumu. Mmea hauna habari kama mwanga umetoka kwa jua au kwa balbu. Ukipata mwanga wa kutosha, maji na chakula, utamea. Swali ambalo video hazijibu ni moja tu: stima italipwa na nani, na ni ngapi?

Mimi si mhandisi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hesabu ninazotumia hapa ni za darasa la sita. Lakini ndizo zitakuonyesha kama hiyo taa itakulisha au itakula tokeni zako.

Hesabu yenyewe ni hii

Chukua wati za taa, zidisha kwa saa inazowaka kwa siku, gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti za siku moja. Zidisha kwa 30 upate za mwezi.

Bei ya uniti usiiulize mtandaoni. Fungua ujumbe wa tokeni zako za mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa. Hapo utakuwa umejumlisha kila kitu: bei ya msingi, gharama ya mafuta, ushuru wa VAT na vile vikato vingine vidogo. Kwa mifano ya hapa nitatumia Sh28 kwa uniti. Yako ikiwa tofauti, badilisha.

Taa za kuotesha mboga kwa kawaida huwashwa kati ya saa 12 na 16 kwa siku. Tuchukue 14.

Taa ya wati 20 itakula uniti 8.4 kwa mwezi, yaani kama Sh235.

Wati 45: uniti 18.9, Sh529.

Wati 100: uniti 42, Sh1,176.

Wati 300: uniti 126, Sh3,528. Kuna mitaa hapa Nakuru ambapo hiyo ni kodi ya nyumba.

Sasa linganisha na vitu ulivyo navyo. Ile shawa ya kupasha maji papo hapo ya wati 4,500, ukioga dakika 10, inameza robo tatu ya uniti. Hizo stima zingewasha taa ya wati 100 kwa saa saba na nusu. Kwa hivyo wati 100 si kitu cha kutisha zikiwaka dakika chache. Tatizo ni kwamba shawa unazima, lakini taa ya mboga inawaka ukiwa kazini, ukiwa umelala, na hata ukiwa umeenda ushago kwa wikendi. Kitu kidogo kinachowaka bila kupumzika ndicho humaliza tokeni.

Kuna na suala la makundi. Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani kulingana na wastani wa uniti wanazotumia kwa mwezi: hadi 30, kati ya 31 na 100, na zaidi ya 100. Wanaotumia kidogo hulipa bei ya chini kwa kila uniti. Kama unaishi pekee yako, una simu, taa mbili na redio, huenda uko lile kundi la chini bila kujua. Ongeza taa ya wati 45 na unaweza kuvuka mpaka. Hapo utakuwa unalipia stima ya mboga na pia kuwasha balbu ya choo kwa bei mpya.

Wati za kwenye boksi si wati za ukweli

Ukienda kununua utakutana na taa imeandikwa "1000W" kwa herufi kubwa. Usishtuke, na usifurahi. Nyingi za aina hiyo huvuta wati 100 hivi, nyingine hata chini. Muuzaji anakuambia "inafanana na" taa ya zamani ya wati 1,000, au amejumlisha nguvu ambayo vibalbu vingeweza kubeba kama vingesukumwa hadi mwisho. Kwa tokeni zako hiyo ni afueni. Kwa mimea yako ni hasara, kwa sababu ulilipia mwanga mwingi na ukapewa kidogo.

Njia ya kujua ukweli iko ukutani mwako. Angalia mita yako ya stima. Kuna kataa kadogo kanachopepesa, na karibu nako pameandikwa namba kama "1000 imp/kWh". Maana yake ni kwamba kakipepesa mara 1,000, umemaliza uniti moja. Zima kila kitu nyumbani, friji na rauta pia, acha hiyo taa peke yake. Kwa mita ya 1,000, taa ya wati 100 itapepesa mara moja kila baada ya sekunde 36. Ikichukua sekunde 72, umeuziwa wati 50. Ukiwa na simu yenye saa, umeshakuwa fundi.

Na hiyo rangi ya zambarau? Ni nyekundu na buluu zikichanganywa, kwa sababu hizo ndizo rangi ambazo majani hunyonya zaidi kwa kazi ya usanisinuru. Haina uchawi. Taa nyeupe za LED zina nyekundu na buluu ndani yake pia, mboga za majani humea vizuri chini yake, na wewe utaweza kuona kama jani limeanza kuwa manjano. Kwa zambarau kila kitu huonekana kama kimeoza.

Kitu kingine: stima yote inayoingia kwa taa mwishowe inageuka joto chumbani. Taa ya wati 100 inatoa joto sawa na mtu mzima aliyekaa tu. Mwezi wa Julai Nakuru ikiwa baridi, huyo mgeni unamkaribisha. Februari kwa bedsita isiyo na hewa, hutampenda.

Mita moja ya sukuma

Tuseme unataka kulima kweli, si mapambo. Mboga za majani zikitegemea taa pekee, hata taa nzuri ya LED, mita moja ya mraba itakula karibu uniti moja na nusu kwa siku ili imee inavyofaa. Hizo ni uniti 45 kwa mwezi. Kwa bei yetu, Sh1,260.

Mita moja ya mraba inatosha sukuma nne au tano ukizipa nafasi ya kujitanua. Kwa kibanda cha mama mboga, ukichukua fungu la Sh20, Sh1,260 ni mafungu 63. Mawili kila siku ya mwezi, na matatu ya kuongezea shemeji akija. Sukuma zako tano haziwezi kutoa hivyo hata uziombee.

Kwa hivyo yule wa kwenye video anayesema hanunui mboga anaweza kuwa anasema ukweli. Hanunui mboga, ananunua stima.

Naivasha walishalipata jibu

Kama unadhani hizi ni hesabu za watu maskini, panda matatu uende Naivasha. Pale kando ya ziwa kuna vivungulio vya maua vinavyouza Ulaya kila siku. Hao ni watu wenye pesa, wataalamu na kila kifaa. Lakini waridi zao humea kwa jua.

Nchini Uholanzi mkulima wa waridi wakati wa baridi anapata mchana wa saa nane hivi, tena wenye mawingu. Inabidi awashe mataa makubwa na apashe kivungulio joto. Bei ya gesi na stima ilipopanda Ulaya mwaka 2022, wakulima wengi huko walizima taa, wengine wakaacha vivungulio vitupu. Mwaka 2007, utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza ulilinganisha waridi 12,000 za Kenya na idadi sawa za Uholanzi. Za Kenya, hata baada ya kupakiwa kwa ndege, zilisababisha kilo 2,200 hivi za hewa ya kaboni. Za Uholanzi zilifika kilo 35,000. Tofauti kubwa ilitokana na joto na mwanga ambao huko hununuliwa na hapa unashuka bure kutoka juu.

Maua yetu yote yanasimama juu ya hiyo hoja moja: mwanga wa Bonde la Ufa haulipiwi. Sasa wewe unataka kufunga pazia na kuununua kwa tokeni?

Hata hivyo, ukipita karibu na mashamba hayo usiku unaweza kuona vivungulio vingine vikiwaka. Hiyo ni kazi tofauti. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Kuna mimea, kama krisanthemamu, inayosoma urefu wa usiku ili ijue wakati wa kutoa maua. Usiku ukiwa mrefu inatoa maua mapema, bado ikiwa mifupi. Mkulima anawasha taa hafifu kwa muda usiku ili kuidanganya kwamba siku bado ni ndefu. Taa hapo inatoa taarifa, hailishi mmea. Ndiyo maana inatumia stima kidogo.

Na ukitaka kujua wivu ni nini, fikiria kwamba shamba la Oserian, jirani na Olkaria, lilitumia mvuke wa ardhini kupasha vivungulio joto usiku ili kupunguza ukungu kwenye maua, na hewa ya kaboni kutoka kwa kisima hicho ikapewa mimea. Olkaria imekuwa ikizalisha stima tangu 1981. Hapa kwetu, kule Menengai juu ya mji, mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kazi mwaka 2023. Karibu asilimia 40 ya stima ya Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini, na mwingi wake uko katika kaunti hii yetu. Lakini ukikaa chini ya mlima unaochemka hulipi tokeni kidogo kuliko mtu wa Mombasa. Wala usidhani kuwasha taa usiku wa manane kutakuokolea pesa. Kuna wateja wakubwa wa viwandani wanaopata bei nafuu usiku. Kwa mteja wa nyumbani, uniti ya saa tisa usiku na ya saa tisa mchana ni bei moja.

Dirisha lako linaangalia wapi?

Kabla ya taa, jua. Na hapa video za Marekani na Ulaya zitakupoteza. Watakuambia dirisha zuri ni la kusini. Kwao ni kweli, kwa sababu jua lao huwa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, ule mstari unaopita Mogotio. Jua letu linahama. Kuanzia Machi mwishoni hadi Septemba liko upande wa kaskazini, kisha linageuka kusini hadi Machi. Dirisha la kusini kwako Nakuru litakaa nusu mwaka bila jua la moja kwa moja.

Madirisha mazuri ya hapa ni ya mashariki na magharibi. La mashariki linapata jua la asubuhi kila mwezi wa mwaka. La magharibi linapata la jioni. Kama una balkoni upande wowote kati ya hizo, na hakuna ghorofa imekuzibia, huhitaji taa kwa dania, spinachi, vitunguu vya majani au mnanaa. Unahitaji ndoo, mchanga na samadi.

Jicho pia linadanganya. Sebule ikionekana ina mwanga, unaweza kusoma gazeti vizuri, unadhani mmea utafurahi. Nje saa sita mchana jua lina laksi karibu 100,000. Ndani ya sebule ya kawaida utapata mia chache. Jicho linajirekebisha lenyewe, jani halina uwezo huo. Ndiyo maana mche ulio mita mbili kutoka dirishani hurefuka kama kamba, unainama kutafuta mwanga, halafu unaanguka.

Kuna anayesema atanunua paneli ya sola kwa paa ili taa iwe ya bure. Fikiria safari ya huo mwanga. Paneli hushika sehemu kama moja kwa tano ya jua. Taa nayo hurudisha karibu nusu ya stima kama mwanga. Mwisho mmea unapata kama sehemu moja kwa kumi ya jua lililopiga paa, na bado umenunua betri. Kama landilodi amekuruhusu kuweka paneli juu, mwombe uweke magunia mawili ya sukuma hapo hapo.

Basi taa haina maana?

Ina maana, ukijua kazi ya kuipa.

Kazi ya kwanza ni miche. Nyanya, pilipili hoho au kabichi zikiwa ndogo hazihitaji nafasi. Chini ya taa moja ya wati 20 unaweza kuotesha makumi ya miche kwa wiki nne au tano, kisha ukaitoa nje, ukaiuza kwa mtu mwenye shamba Njoro au Bahati, au ukaipeleka kwenu. Stima ya Sh235 ikigawanywa kwa miche 50 ni chini ya shilingi tano kwa kila mche.

Kazi ya pili ni zile mboga changa zinazoitwa maikrogrini: unapanda mbegu nyingi za figili, brokoli au alizeti kwa trei, unavuna kwa mkasi baada ya wiki moja au mbili. Siku za kwanza zinakaa gizani. Kisha trei moja ikipata taa ya wati 20 kwa saa 12 kwa siku saba, imetumia uniti 1.68, kama Sh47. Hapo stima si mzigo tena. Mzigo ni mbegu na, zaidi ya yote, mnunuzi. Mama mboga hatazichukua. Ni hoteli, mikahawa na watu wachache wanaojua ni nini. Wapate kwanza, wakubali kwa mdomo na kwa simu, ndipo upande. Maikrogrini haingoji soko. Ikipita siku zake inakuwa chakula cha kuku.

Kazi ya tatu ni kuongezea, si kubeba yote. Kama dirisha lako linapata jua saa tatu tu asubuhi, taa ndogo ya saa nne au tano jioni inaweza kujaza pengo. Wati 20 kwa saa tano ni uniti tatu kwa mwezi, Sh84. Nunua taima ya soketi, ile ya kuzungusha. Bila taima utasahau, na kusahau ndiko kunamaliza tokeni.

Stima ikipotea usihangaike. Ijumaa ya Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Mboga hazikufa. Mmea unaweza kukosa mwanga siku moja na uendelee kesho kama kawaida. Kinachoua ni maji mengi kupita kiasi, na wewe kuchomeka taa, kettle na pasi kwa ekstensheni moja ya bei ya chini iliyolala kwa sakafu yenye maji. Inua waya juu ya trei, acha upinde chini ya soketi ili tone la maji lidondoke kabla halijafika kwa stima.

Mita ni ya nani?

Hili ndilo nataka ulichukue kwa uzito kuliko yote. Nyumba nyingi za Kaptembwa, Rhonda, Free Area na kwingineko hazina mita ya kila mpangaji. Kuna mita moja ya ploti, mnachanga sawa, au landilodi ameweka mita zake ndogo na kukuuzia uniti kwa bei anayopanga yeye.

Kama mnachanga sawa, taa yako ya wati 100 ni uniti 42 ambazo mama wa chumba cha pili, mwenye balbu moja na watoto watatu, anakusaidia kulipa. Hatajua ni nini. Ataona tu mwezi huu mchango umepanda, na ugomvi utaanza na mtu asiye na hatia. Waambie majirani kabla hujachomeka. Kubali kulipa ziada kwa hesabu ile ya juu, ionyeshe kwa karatasi. Kama una mita ndogo, uliza bei ya uniti na uitumie hiyo badala ya Sh28 yangu. Unaweza kukuta hesabu yote imebadilika.

Na kuhusu ile rangi. Zambarau ikiwaka usiku kucha nyuma ya pazia, ploti nzima itafikiri kitu kimoja, na hawatafikiri letasi. Kupanda bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na polisi wakigonga mlango hawaanzi kwa kuuliza. Mwite keretaka aone trei zako mapema, mpe dania aende nayo. Chagua taa nyeupe. Fungua pazia.

Jumamosi hii usinunue chochote. Kaa nyumbani, kila baada ya saa moja piga picha ya dirisha lako uone jua linaingia saa ngapi na linatoka saa ngapi. Jioni toa ile meseji ya tokeni upate bei yako ya uniti. Ukiwa na hizo namba mbili, utajua kama unahitaji taa, ya wati ngapi, au kama ndoo moja ya dania kwa balkoni inatosha.